UCHAMBUZI: Tunafunza wanafalaki chipukizi, ila watarudi kufanyia kazi wapi?

MNAMO Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, roketi ndogo ilifyatuliwa kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini karibu na Malindi. Ndani yake mlikuwa na setilaiti ya kwanza kuwahi kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani.

Waliounda setilaiti hiyo walikuwa Wamarekani. Walioendesha jukwaa walikuwa Waitaliano. Jina lake lilikuwa la Kiswahili: Uhuru, kwa heshima ya siku hiyo na ya taifa lililokuwa mwenyeji.

Kwa zaidi ya miaka miwili setilaiti hiyo ilipekua anga yote, na orodha ya mwisho iliyotokana nayo ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Miongoni mwa vitu ilivyosaidia kuvifahamu ni Cygnus X-1, mojawapo ya vitu vya kwanza kutambuliwa na wataalamu kuwa huenda ni shimo jeusi.

Mwaka 2002, Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Maabara, shahada na sifa zilizotokana na Uhuru zilikuwa zimebaki ng'ambo. Kenya ilibaki na jina, na kumbukumbu ya moshi juu ya maji ya Ungwana.

Kisa hiki kinafaa kukumbukwa wakati huu ambapo vijana wetu wanaalikwa tena kushiriki katika sayansi ya anga, mara hii si kama wenyeji wa jukwaa bali kama wanafunzi. Katika kipindi cha miongo miwili iliyopita, mitandao kadhaa ya kimataifa imeanzishwa kuwanoa wanafalaki chipukizi barani Afrika, na Wakenya ni miongoni mwa walionufaika.

Swali ambalo halijajibiwa kikamilifu ni hili: Kijana akishafunzwa Leeds, Manchester au Cape Town, anarudi nyumbani kufanya nini, na kwa chombo kipi?

Si unajimu wa bahati

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kuondoa utata wa lugha. Katika vyumba vyetu vya habari, taarifa yoyote iliyotaja nyota ilikuwa ikielekezwa haraka kwenye ukurasa wa utabiri wa bahati, pamoja na ndoa na pesa za wiki ijayo. Neno mnajimu limebeba maana zote mbili: anayepima mwendo wa sayari na anayekutabiria mchumba.

Katika makala hii tunatumia neno falaki, yaani elimu ya kuchunguza vitu vya angani kwa vipimo na hesabu. Elimu hiyo si ngeni kwetu. Manahodha wa Pwani walishika njia kwa nyota, wakulima walitazama kilimia ili kujua majira ya kulima, na hadi leo Waislamu huandama mwezi kabla ya kufunga na kufungua.

Kilichobadilika ni vyombo. Falaki ya sasa hutegemea mitambo ambayo hakuna taifa moja linaloweza kuijenga na kuitumia peke yake. Hapo ndipo penye chimbuko la mitandao tunayoizungumzia.

Kwa nini mabara lazima yashirikiane

Chukua mfano wa darubini za redio. Hizi ni dishi kubwa zinazonasa mawimbi hafifu ya redio yanayotoka kwenye nyota, mawingu ya gesi na galaksi za mbali. Kadiri dishi inavyokuwa pana, ndivyo inavyoweza kutofautisha mambo madogo zaidi angani.

Hata hivyo, hakuna mhandisi awezaye kujenga dishi yenye upana wa bara. Kwa hivyo wataalamu hutumia mbinu nyingine. Dishi mbili zilizo umbali wa maelfu ya kilomita huelekezwa kwa kitu kimoja kwa wakati mmoja, kila moja ikirekodi mawimbi kwa saa sahihi mno. Rekodi hizo huletwa pamoja na kulinganishwa na tarakilishi maalumu, kama ile iliyoko Dwingeloo nchini Uholanzi, na kwa wembamba wa kuona huwa kana kwamba dishi moja imefunika umbali huo wote.

Ulaya ina dishi nyingi za aina hiyo. Kule kusini, Afrika Kusini ina dishi ya mita 26 iliyoko Hartebeesthoek, iliyojengwa mwaka 1961 na shirika la anga za juu la Marekani, NASA. Kati ya kaskazini na kusini, kwa miaka mingi palikuwa na pengo lenye ukubwa wa karibu Afrika nzima.

Pengo hilo si la Waafrika pekee. Ni hasara kwa kila anayetaka picha safi ya anga, kwa sababu dishi zikiwa mbali sana bila nyingine katikati, taarifa nyingi hupotea. Isitoshe, nchi iliyo kwenye Ikweta kama Kenya huona anga ya kaskazini na ya kusini, jambo ambalo Ulaya haiwezi hata ikiwa na fedha kiasi gani.

Ni vyema msomaji alishike hilo. Wageni wanapokuja kuwafunza vijana wetu, si sadaka tupu. Wanahitaji mahali tulipo, na wanahitaji watu wenye ujuzi watakaokuwa mahali hapo.

Mradi uliobadilisha mizani

Msukumo mkubwa zaidi ulitokana na SKA, mradi wa kujenga darubini ya redio kubwa kuliko zote duniani. Mnamo Mei 2012 iliamuliwa kwamba mitambo yake igawanywe kati ya Afrika na Australia. Upande wa Afrika uliongozwa na Afrika Kusini pamoja na washirika wanane: Botswana, Ghana, Kenya, Madagaska, Mauritius, Msumbiji, Namibia na Zambia.

Afrika Kusini haikungoja uamuzi huo ikiwa imekunja mikono. Mwaka 2003 vyuo vyake vikuu vilianzisha mpango wa pamoja wa masomo ya falaki na sayansi ya anga, wenye makao Chuo Kikuu cha Cape Town, ambao umepokea wanafunzi kutoka mataifa mengine ya Afrika. Mwaka 2005 ilianza kutoa ufadhili wa masomo chini ya mradi wa SKA. Walionufaika wamepita 1,000, wakiwemo wanafunzi kutoka nchi washirika kama Kenya.

Matokeo yake yalionekana Julai 2018, ilipozindua MeerKAT, mkusanyiko wa dishi 64 katika nyika ya Karoo. Mitambo hiyo haikuletwa kutoka ng'ambo ikiwa tayari imeunganishwa. Ilisanifiwa na kujengwa kwa sehemu kubwa na wahandisi wa nchi hiyo, na sasa inaingizwa ndani ya SKA, itakayokuwa na dishi 197 katika eneo hilo. Ujenzi wa SKA ulianza rasmi Desemba 2022.

Wengi hulitaja jambo hili kama ushahidi kwamba Afrika inaweza. Ni kweli. Lakini ni ushahidi pia wa jambo la pili ambalo halitajwi sana: Afrika Kusini iliwekeza katika watu miaka 15 kabla ya kukata utepe, na ilikuwa na kazi za kuwapa walipohitimu.

Kwa washirika wanane hali ni tofauti. Awamu ya sasa ya dishi za SKA barani Afrika iko Karoo pekee. Awamu iliyopangiwa kufika katika nchi nyingine bado ni ahadi. Aidha, mkataba wa kuunda shirika la kusimamia SKA ulipotiwa saini mjini Roma Machi 12, 2019, kati ya mataifa saba yaliyoketi mezani, taifa la Afrika lilikuwa moja tu.

Mitandao ya mafunzo

Ni katika mazingira haya ambapo mafunzo ya vijana yamechukua nafasi ya mitambo ambayo haijafika. Wazo lenyewe ni kongwe. Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki, IAU, ulianza shule ya wanafalaki chipukizi mwaka 1967, ya kwanza ikifanyika Manchester, Uingereza. Tangu hapo shule hiyo imekuwa ikihama kutoka nchi moja hadi nyingine, ikiwakusanya wanafunzi wa eneo husika kwa takriban wiki tatu mbele ya walimu kutoka mabara mbalimbali.

Mwaka 2011, muungano huohuo ulifungua jijini Cape Town ofisi ya kutumia falaki kwa maendeleo, na baadaye ofisi za kanda zikafuata. Ya Afrika Mashariki iko Ethiopia, taifa ambalo limejenga kituo chake chenye darubini mbili kwenye mlima Entoto, juu ya jiji la Addis Ababa.

Huko Afrika Magharibi, wanafalaki wa Nigeria na wenzao wa Canada walianzisha mwaka 2013 shule ya likizo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Ilianza kama ya Afrika Magharibi, ikakua hadi kuwa ya bara zima. Tofauti yake ni namna ya kufundisha: wanafunzi hawakaririshwi, bali hupewa swali na takwimu, wakaachwa watafute jibu wao wenyewe jinsi mtafiti afanyavyo.

Mtandao unaogusa Kenya moja kwa moja zaidi ni DARA, mradi wa maendeleo ya Afrika kupitia falaki ya redio, unaoongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds cha Uingereza kwa ushirikiano na Afrika Kusini. Ulianzishwa katikati ya muongo uliopita kwa fedha za Hazina ya Newton, mfuko wa serikali ya Uingereza uliotokana na bajeti yake ya misaada.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Katika kila nchi mshirika huchaguliwa vijana wachache wenye shahada za fizikia, uhandisi, hisabati au tarakilishi. Hupewa mafunzo ya msingi kwa vipindi kadhaa: nadharia ya falaki, ufundi wa mitambo ya redio, uchanganuzi wa takwimu, na hatimaye kutumia darubini halisi. Wanaofanya vyema hushindania nafasi za uzamili na uzamifu katika vyuo vikuu vya Uingereza na Afrika Kusini.

Namibia nayo ina mpango wa aina yake. Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Namibia, kinakusudia kuweka nchini humo darubini itakayojiunga na mtandao uliotoa picha ya kwanza ya shimo jeusi mnamo Aprili 10, 2019. Pamoja na mtambo, mpango huo una ufadhili wa masomo kwa Wanamibia na maonyesho ya anga yanayozungushwa shuleni.

Kilele cha juhudi hizi zote kilikuwa Agosti 2024, IAU ilipofanya Mkutano wake Mkuu jijini Cape Town, wa kwanza katika ardhi ya Afrika tangu muungano huo uundwe mwaka 1919.

Fedha za nani?

Kwa upande wa mafunzo, basi, hakuna shaka kwamba hatua zimepigwa. Tatizo linaanza tunapouliza nani analipa.

DARA na miradi mingine kama huo imetegemea fedha za misaada za Uingereza. Mwaka 2021, serikali ya nchi hiyo ilipunguza bajeti yake ya misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi asilimia 0.5. Papo hapo, shirika linalogawa fedha za utafiti lilijikuta na upungufu wa pauni milioni 120 katika miradi iliyokuwa imekwisha kuahidiwa katika nchi zinazoendelea. Mnamo Februari 2025, Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza kuwa kiwango hicho kitashushwa tena hadi asilimia 0.3 ifikapo mwaka 2027, ili fedha zielekezwe kwenye ulinzi.

Hatuna haki ya kuwalaumu Waingereza kwa kupanga bajeti yao. Fedha ni zao. Tunalopaswa kujilaumu nalo ni kupanga kizazi cha wataalamu wetu juu ya bajeti hiyo, kana kwamba bunge la London lina wajibu wa kuwatafutia vijana wa Kakamega na Kitui kazi.

Anayetegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Mafunzo ya mwanafalaki huchukua takriban miaka 10, kutoka mwaka wa kwanza wa chuo hadi shahada ya uzamifu. Bajeti ya misaada hudumu miaka mitatu au minne. Hesabu hizo mbili hazilingani, na anayeumia pengo linapotokea ni mwanafunzi aliye katikati ya safari.

Somo la Ghana na kimya cha Longonot

Udhaifu wa pili ni wetu wenyewe, na unaonekana kwa macho na mtu yeyote anayesafiri kupitia Bonde la Ufa.

Mwaka uleule wa 1970 ambapo Uhuru iliruka kutoka Malindi, kituo cha mawasiliano ya setilaiti kilifunguliwa Longonot. Kwa miaka mingi simu za kimataifa na matangazo kutoka ng'ambo yalipitia kwenye dishi zake. Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipowasili Mombasa, kazi ya dishi hizo kubwa ilififia.

Hali kama hiyo ilizikumba nchi nyingi za Afrika, na ikazaa wazo la busara: badala ya kuachia dishi hizo kutu, zigeuzwe kuwa darubini za redio. Gharama ni ndogo mno ikilinganishwa na kujenga upya. Mpango huo wa mtandao wa darubini za Afrika uliitaja Longonot miongoni mwa maeneo yanayofaa.

Ghana ilichukua hatua. Dishi yake ya mita 32 iliyoko Kuntunse, karibu na Accra, ilikarabatiwa na wahandisi wa Ghana na wa Afrika Kusini, na Rais Nana Akufo-Addo akaizindua Agosti 2017. Kabla ya uzinduzi ilikuwa imekwisha kunasa mawimbi kutoka angani na kufanyiwa majaribio pamoja na dishi za nchi nyingine.

Kijana wa Ghana aliyepitia mafunzo hayo, kwa hivyo, ana mahali pa kurudi. Huenda mtambo huo una matatizo yake ya fedha na vipuri kama mtambo wowote mkongwe. Lakini upo, na kuwepo kwake kunamlazimu mtu kuajiri fundi, mhandisi na mtafiti.

Huku kwetu, miaka mingi baada ya utepe wa Kuntunse kukatwa, hatujashuhudia sherehe kama hiyo Longonot. Tunapeleka wanafunzi wajifunze kuendesha darubini ya redio, ilhali iliyotarajiwa kuwa yetu haijawahi kupewa kazi hiyo.

Anayedhani kwamba dishi kuukuu haina faida ila kwa wasomi na aangalie Goonhilly, kule Cornwall, Uingereza. Kituo hicho kilifungwa kwa shughuli za simu kama ilivyokuwa kwa vingine. Kampuni binafsi ilikichukua, ikakarabati dishi ya mita 32, na leo hulipwa kuwasiliana na vyombo vilivyo mbali angani, kikiwemo chombo cha Artemis I kilichozunguka Mwezi mwaka 2022. Dishi inayosikiliza nyota usiku inaweza kulipiwa mshahara wa fundi wake kwa kazi ya mchana.

Watoto wana njaa, nyota za nini?

Wapo watakaouliza kwa nini taifa lenye upungufu wa walimu, ukame na madeni lishughulike na galaksi. Swali hilo ni halali, na halijibiwi kwa kejeli.

Watetezi wa falaki hupenda kutoa mfano wa mawasiliano ya intaneti yasiyotumia waya, yanayojulikana kama Wi-Fi. Sehemu muhimu ya teknolojia hiyo ilitokana na wanasayansi wa Australia, wakiongozwa na John O'Sullivan, ambao awali walikuwa wakitafuta mawimbi ya redio kutoka mashimo meusi madogo yanayolipuka. Hawakuyapata. Hata hivyo, mbinu ya hesabu waliyoibuni kusafisha mawimbi yaliyovurugika iliiletea nchi yao mamia ya mamilioni ya dola.

Mfano huo ni wa kweli, lakini mara nyingi husimuliwa nusu. Australia ilivuna kwa sababu watafiti hao waliajiriwa na taasisi ya umma ya Australia, katika maabara ya Australia, na hataza ikasajiliwa kwa jina la taasisi hiyo. Lau wangekuwa wamehamia kwingine kwa kukosa kazi, hataza ingesajiliwa huko waliko.

Kwa hivyo, hoja ya faida inategemea tena swali la awali: wapi? Taifa linalofunza bila kuajiri hupanda mti kwenye shamba la jirani.

Faida iliyo karibu zaidi ni ya ujuzi. Kijana aliyezoea kuchambua rekodi za darubini ya redio anaweza kuchambua picha za setilaiti zinazoonyesha malisho ya Marsabit, au miamala ya kampuni ya simu. Benki na kampuni za mawasiliano zinamjua mtu huyo na zinamtaka. Hilo si baya kwa uchumi, kwa kuwa mhitimu analipa ushuru na kulisha jamaa. Ila wote wakienda huko, nani atabaki kumfunza anayefuata? Mwaka baada ya mwaka tutaendelea kuwaalika walimu wa kigeni kuja kufundisha kozi ileile ya msingi.

Vipande tulivyo navyo

Haimaanishi kwamba Kenya imelala. Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa shahada ya kwanza ya falaki na fizikia ya anga. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilianzishwa mwaka 2017. Mnamo Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1, iliyosanifiwa na wahandisi Wakenya na iliyoripotiwa kugharimu Sh50 milioni, ilirushwa kutoka California kwa roketi ya kampuni ya SpaceX.

Vilevile, Mtaala wa Umilisi umeifanya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati kuwa mmoja wa mikondo mitatu ya Sekondari Pevu. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo cha Malindi, uliotiwa saini mwaka 2016, una vipengele vya mafunzo na vya kutumia takwimu za setilaiti. Hilo ni tofauti kubwa na enzi ya Uhuru, ambapo mchango wetu mkuu ulikuwa latitudo.

Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha vipande hivi. Chuo kina wahitimu, shirika lina mamlaka, Longonot pana dishi, wafadhili wana walimu. Lakini mwanafunzi anayetoka kimoja hadi kingine hujitafutia njia mwenyewe, mara nyingi kwa barua pepe na bahati.

Mambo manne yanaweza kufanywa bila kungoja mfadhili. La kwanza ni Serikali kutoa kauli moja, ya ndiyo au la, kuhusu dishi ya Longonot. Ikiwa haifai tena kukarabatiwa, wataalamu waseme hivyo hadharani na mipango ielekezwe kwingine. Ikiwa inafaa, itengewe bajeti, na taasisi moja ipewe wajibu wa kuijibia. Kinachodhuru zaidi ni kuacha jambo likining'inia muongo baada ya muongo.

La pili ni kutenga nafasi chache za kudumu za watafiti wa falaki katika vyuo vikuu vya umma na katika Shirika la Anga za Juu. Hatuzungumzii mamia. Kundi la watu wanane au 10 wenye mishahara ya uhakika, wanaoruhusiwa kusimamia wanafunzi na kuomba muda wa kutumia darubini za kigeni, linatosha kuanzisha kizazi. Siku hizi darubini nyingi huwaachia watafiti wa nje takwimu zao kupitia intaneti, kwa hivyo hata kabla ya dishi kupatikana, kazi ipo.

La tatu ni kuweka masharti katika makubaliano na washirika wa kigeni. Nafasi moja ya uzamifu Ulaya iambatane na nafasi moja ya utafiti nyumbani baada ya masomo, gharama ikigawanywa. Washirika wengi wangekubali, maana hata wao hawapendi kuonekana kama wanaochota vipaji.

La nne ni kuhesabu. Taifa linapaswa kujua limefunza wanafalaki wangapi tangu mipango hii ianze, wako wapi, na wanafanya nini. Bila orodha hiyo, kila hotuba kuhusu mafanikio au kuhusu uhamaji wa wataalamu ni maneno matupu.

Ikumbukwe kwamba washirika wenyewe hawatangoja milele. Namibia inapiga hatua, Ethiopia ina kituo chake mlimani, Ghana ina dishi. Mtandao wa darubini unahitaji mtu wa katikati kati ya Ulaya na Kusini mwa Afrika, lakini hauna lazima mtu huyo awe Mkenya. Ikweta hupita katika mataifa mengine pia.

Zaidi ya miaka 50 iliyopita tulilipa jina letu bora zaidi kwa chombo cha wengine, na dunia ikaona mbali kwa kupitia bahari yetu. Mwaka huohuo tulipata dishi yetu wenyewe katika Bonde la Ufa. Vijana wa kuiendesha sasa wapo, wengine wakiwa madarasani Nairobi na wengine katika maabara za Uingereza wakihesabu miezi iliyosalia kabla ya ufadhili kwisha. Barua watakayoandikiwa na nchi yao kabla ya miezi hiyo kuisha ndiyo itakayoamua kama watarudi.